Stesheni mbili za Voi: Tusiache mbachao kwa msala upitao

Mji wa Voi una stesheni mbili za reli. Moja ni changa. Imesimama kando ya kitovu cha mji, ina ukumbi mpana na dari la juu, na hupokea abiria wa treni iendayo baina ya Nairobi na Mombasa. Ya pili ni kongwe, na imekaa ndani ya mji wenyewe, karibu na maduka na kituo cha matatu. Ile changa ilifunguliwa mwaka 2017. Ile kongwe ni mzawa wa karne ya 19, na lau si yenyewe, mji huu haungalikuwa jinsi tuujuavyo.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Nionavyo mimi, sisi Wakenya tumekwisha kuuacha mbachao huo, na wala hatujajiuliza umefumwa kwa nyuzi zipi. Ndiyo sababu leo nimeamua kuwaandikia walimu na wanafunzi, kwa kuwa hao ndio wenye haja kubwa zaidi ya stesheni ile kongwe, hata kama hawana mzigo wa kupakia wala tiketi ya kukata.

Siku moja niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili swali jepesi: ni nani aliyeijenga reli ya Uganda? Walijibu kwa sauti moja kwamba ni Waingereza. Jibu hilo si la uongo, lakini si kweli kamili. Waingereza walitoa amri, wakatoa fedha na wahandisi. Mikono iliyobeba mataruma na kugongomea misumari ilikuwa ya watu wengine, na wengi wao walilala chini ya udongo wa nchi hii pasina jiwe la kaburi. Mwanafunzi asiyejua hilo amesoma nusu ya historia, na nusu ile aliyoikosa ndiyo imhusuyo zaidi.

Basi na tuanzie mwanzo. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, aliwasili Mombasa mwezi Desemba 1895. Mwaka uliofuata ujenzi ukaanza. Reli ilivuka kutoka kisiwani hadi bara, ikapanda vilima vya Rabai na Mazeras, kisha ikaingia katika nyika ya Taru. Hapo wajenzi walikutana na adui asiye na bunduki, nao ni ukosefu wa maji. Misafara ya biashara ya pwani ilikuwa imeijua nyika hiyo kwa muda mrefu na kuiogopa. Maji ya wajenzi yalibidi yaletwe kwa treni kutoka nyuma, na treni ilipochelewa, kiu haikuchelewa. Fauka ya hayo, homa ya malaria na vidonda viliwalaza mamia ya vibarua.

Mwishoni mwa mwaka 1897, kiasi cha maili 100 kutoka Mombasa, reli ilifika Voi. Hapo palikuwa na mto utokao katika milima ya Taita. Kwa injini ya mvuke, maji ni chakula sawa na kuni au makaa. Mahali penye maji baada ya nyika kavu hapakosi kuwa kituo, na penye kituo hapakosi duka, nyumba za wafanyakazi, soko na hatimaye mji. Hivyo ndivyo reli ilivyoizaa miji mingi ya nchi hii. Nairobi yenyewe ilifikiwa mwezi Mei 1899, na ziwani Kisumu reli ikatua mwezi Desemba 1901.

Ili kuifikisha huko, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wapatao 2,500 kati yao walikufa. Gawanya idadi hiyo kwa urefu wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, yaani maili 582, nawe utapata wastani wa maiti wanne kwa kila maili moja. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hiyo asubuhi, na mwalimu wa historia akaieleza maana yake alasiri. Asafiriye kwa gari kwenda Voi kutoka Mombasa huuona pia msikiti wa Mackinnon Road kando ya reli, mahali alipozikwa Seyyid Baghali. Inasimuliwa kwamba alikuwa mmoja wa wajenzi, na kwamba karai lake la udongo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wengi husimama hapo hadi leo wakaomba dua. Yule kibarua hakusahauliwa kwa sababu watu wa kawaida waliamua kumkumbuka.

Simulizi ijulikanayo zaidi ulimwenguni kuhusu sehemu hii ya reli ni ile ya simba wa Tsavo. Mwaka 1898, wakati daraja la Mto Tsavo lilipokuwa likijengwa, si mbali sana na Voi, simba wawili wasio na manyoya shingoni waliwavamia wajenzi kwa muda wa miezi tisa. Waliwatoa watu mahemani usiku na kuwala. Ujenzi ulisimama na mamia ya vibarua wakatoroka. Hatimaye mwezi Desemba mwaka huo, mhandisi aliyesimamia daraja hilo, John Henry Patterson, aliwaua wote wawili.

Hebu sasa tujiulize: ni watu wangapi walioliwa? Patterson alitaja vibarua Wahindi 28. Baadaye idadi ya watu 135 ikaenea duniani. Mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria watu wapatao 35. Lakini jambo linalonikereketa si tofauti ya tarakimu hizo. Patterson mwenyewe alikiri kitabuni mwake, kilichochapishwa mwaka 1907, kuwa Waafrika walioliwa hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Mhindi alihesabiwa kwa kuwa alikuwa na mkataba na jina lake limo katika daftari la mshahara. Mwafrika hakuwamo daftarini, basi hata kifo chake hakikuwamo.

Na mabaki ya simba wenyewe yako wapi? Mwaka 1924 Patterson aliiuza ngozi na mafuvu yao kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, kwa dola 5,000. Huko ndiko waliko hadi sasa. Kitabu kilichapishwa London. Filamu mashuhuri ya Marekani iliyowahusu, iliyotolewa mwaka 1996, ilipigwa Afrika Kusini. Naam, simba ni wa Tsavo, waliokufa walikufa Tsavo, lakini atakaye kuwaona sharti apande ndege. Sisi tumebakiwa na kitu kimoja tu kisichoweza kutiwa katika sanduku na kupelekwa ng'ambo, nacho ni reli yenyewe na stesheni zake. Hicho nacho tunakiacha kiteketee?

Turejee Voi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, treni hazikuwa na behewa la kulia chakula. Abiria walishuka Voi wakala mlo wa jioni katika nyumba ya wageni iliyojengwa karibu na stesheni, nguo zao zikiwa nyekundu kwa vumbi la Taru. Wengi wa wasafiri hao wameandika juu ya mlo huo, na wachache wameusifu! Lakini kumbukumbu hizo zina kasoro ile ile. Zimeandikwa na waliokaa mezani. Aliyepika, aliyechota maji mtoni na aliyesukuma mkokoteni wa mizigo hawakuandika. Ndani ya treni nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kwa desturi daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu, lenye viti vya mbao, likawa la Waafrika. Mwanafunzi atakaye kuelewa ubaguzi wa rangi wa wakati wa ukoloni hana haja ya kutafuta mfano wa mbali. Mabehewa yaliusema waziwazi.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na Voi ikawa njia panda. Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliuteka mji wa Taveta, na vikosi vyao vikawa vinaishambulia reli ya Mombasa. Waingereza wakaamua kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea magharibi, wapate kuwapelekea askari wao chakula, maji na risasi. Reli hiyo ilipita Mwatate na Bura, na kufikia katikati ya mwaka 1915 ilikuwa imefika Maktau. Mwezi Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishindwa katika kilima cha Salaita, lakini mwezi uliofuata yakaingia Taveta. Reli iliendelea hadi ikaungana na ile ya Wajerumani, itokayo Tanga kwenda Moshi.

Kwa hiyo reli ya Voi na Taveta haikuzaliwa kwa ajili ya katani wala ndizi. Ilizaliwa kwa ajili ya mizinga. Na pale reli ilipokoma, mgongo wa Mwafrika ulianza. Mamia ya maelfu ya wapagazi walitwaliwa kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wakabeba mizigo ya majeshi porini, na makumi ya maelfu wakafa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi yetu ya jina hilo la Kiingereza. Mjini Voi yapo makaburi ya askari wa vita hivyo, yametunzwa vizuri, yana majina na tarehe. Wapagazi hawakupewa heshima hiyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani na kuomba radhi kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina yao, na wengine hawakukumbukwa kabisa.

Bila shaka msomaji ameanza kuiona njia ninayomwongoza. Mara ya kwanza tulikuta Waafrika wasiohesabiwa katika daraja la Tsavo. Mara ya pili tumewakuta katika vita vya Taveta. Sasa iwapo stesheni iliyoyashuhudia yote mawili itaporomoka, tutakuwa tumewakana mara ya tatu, na safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumtupia lawama.

Baada ya vita, njia panda ile iligeuka kuwa baraka ya amani. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya usimamizi mmoja. Abiria na mizigo wakaweza kutoka Voi hadi Moshi na kuendelea. Katani ya Mwatate ilisafirishwa kwa reli, na mazao ya Taveta yakafika pwani. Katikati ya miaka ya 1950 zilikuja injini 34 za mvuke aina ya Garratt, zilizotengenezwa Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa kubwa kupita zote duniani zilizopata kwenda juu ya reli ya upana wa mita moja. Moja yazo, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mwanafunzi anayesimama kando ya magurudumu yake huelewa maana ya mvuke kuliko anavyoweza kuelezwa na mchoro wa kitabu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka ulifungwa, mabehewa na injini zikagawanywa, na mwaka 1978 Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi. Tawi la Taveta lilikosa pumzi. Njia iliyojengwa ili majirani wapigane, kisha ikatumika ili majirani wafanye biashara, ilikufa majirani walipokosa kusikizana. Sijaona somo la siasa ya ushirikiano lililo wazi kuliko hilo.

Nisije nikaonekana ninaipamba reli ya zamani kupita kiasi. Ilikuwa na maradhi yake, na mengine yaliua. Mwishoni mwa Januari 1993 treni ya usiku ilitumbukia mtoni huko Ngai Ndethya, katika njia hii hii ya Nairobi na Mombasa, baada ya mafuriko kuliharibu daraja. Zaidi ya watu 100 walikufa. Kadiri miaka ilivyopita injini zilizeeka, safari zikapungua, na treni iliyopaswa kufika alfajiri ikawa inafika adhuhuri. Mwezi Novemba 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, lakini mwaka 2017 mkataba huo ukakatizwa. Mwaka huo huo treni ya abiria ya Mombasa katika reli ya zamani ikafunga safari yake ya mwisho.

Tarehe 31 Mei 2017 ndipo ulipozinduliwa Madaraka Express, juu ya reli mpya yenye upana wa milimita 1,435. Safari iliyochukua usiku kucha sasa huchukua saa tano au sita. Treni isimamayo njiani huhudumia Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Haya ni maendeleo, na mtu muungwana hayakani. Mwanafunzi wa Taita anayesoma Nairobi husafiri leo kwa usalama na raha ambayo babu yake hakuiota. Abiria akichungulia dirishani huwaona ndovu wekundu wa Tsavo, na chini ya tuta la reli vimejengwa vipenyo vya kuwapitisha wanyama.

Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda. Stesheni ya zamani ilikuwa sehemu ya mji. Abiria alishuka akajikuta sokoni. Mchuuzi wa machungwa na mayai alijua saa ya treni kama mwadhini ajuavyo saa ya sala. Stesheni mpya imejitenga na mji, na anayeshuka hulazimika kulipa nauli nyingine ili afike anakokwenda. Aidha, Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwa mzazi mwenye watoto watatu katika shule za bweni, hiyo si tofauti ndogo.

Sasa tufanye nini? Sina nia ya kulalama tu kisha nikaweka kalamu chini. Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, stesheni ya kale ya Voi ihifadhiwe kisheria, na sehemu yake ifanywe jumba dogo la makumbusho. Shirika la Reli, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na serikali ya kaunti ya Taita Taveta wana uwezo wa kukaa meza moja. Halihitajiki jengo jipya. Yatosha kuwa na chumba kimoja chenye ramani, picha, taa za ishara, tiketi za zamani na orodha ya majina, hasa majina ya wale ambao daftari la mkoloni liliwaruka. Watalii waendao Mbuga ya Tsavo Mashariki hupita Voi, na mgeni aliyewaona simba wa Chicago angefurahi kuiona reli waliyoisumbua.

Pili, tawi la Voi na Taveta lifufuliwe. Atakayesema kwamba haiwezekani na atazame ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2019 Tanzania iliirejesha treni ya abiria hadi Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha, yote juu ya reli ile ile ya zamani. Hata sisi tulirejesha treni ya abiria Nanyuki mwaka 2020 na Kisumu mwaka 2021, kwa kukarabati reli za wakoloni. Kama mwili wa reli kuukuu uliweza kutibiwa huko, Taveta imekosa nini? Ndizi na mboga za Taveta, pamoja na katani ya Mwatate, zinahitaji njia ya gharama nafuu ya kuzifikisha sokoni.

Tatu, na hili sharti litoke kwetu walimu, shule zisingoje serikali. Mtaala wa sasa unasisitiza umilisi na kumtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi na atende. Wapo wazee waliokuwa madereva wa treni, wapiga ishara na makarani wa tiketi. Wapo akina mama waliolelewa katika nyumba za landhi. Mwanafunzi na aende na daftari, aketi mkekani, aulize kwa adabu na aandike. Mwalimu wa fasihi naye asisahau kwamba katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, stesheni ya Rung'ei ndiyo mahali vijana wanapokutana kuitazama treni. Mwandishi aliuona utajiri huo tangu 1967. Kila stesheni nchini ina hadithi za namna hiyo, ila hazina mwandishi.

Najua wapo watakaoniuliza: je, zahanati zisizo na dawa na madarasa yasiyo na madawati hayatangulii? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba kuyaandika masimulizi ya wazee hakuhitaji bajeti, bali kalamu na subira. Ama kuhifadhi jengo lililopo ni rahisi kuliko kujenga sanamu ya kulililia baada ya kubomoka. Isitoshe, mzee anayekufa na kumbukumbu yake hangoji mwaka mpya wa fedha.

Kwa hiyo walimu wenzangu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, muhula ujao wapelekeni wanafunzi wenu katika stesheni zote mbili kwa siku moja. Waanze na ile mpya, wahesabu kasi na nauli. Kisha waende katika ile kongwe, wapime upana wa reli kwa rula, nao watakuta ni mita moja kamili. Halafu waulizeni swali lile nililowauliza wangu: ni nani aliyeijenga? Msikubali jibu la neno moja.